Mwajiri Mkuu wa Mkoa wa Tambarare

Si zamani sana, tuseme bajeti tatu zilizopita, palikuwa na nchi iliyopenda takwimu kama mlevi anavyopenda kilabu. Jina lake silitaji, maana wenyewe wanalijua na wageni halitawasaidia. Ilikuwa na bendera, wimbo, ikulu mbili, na Wizara ya Ajira, Takwimu na Matarajio, ambayo kazi yake ilikuwa kujua kila raia anafanya kazi gani, ili kila mkoa uendelezwe kwa kile unachokiweza. Nia njema kabisa, na tusimlaumu mtu kwa nia.

Mwanzoni Wizara ilikuwa inauliza. Ilituma wadadisi nchi nzima, mlango kwa mlango, wakauliza, "Unafanya kazi gani?" na watu, kwa kuwa ni waungwana, wakajibu kama wanavyojibu siku zote: "Tunahangaika tu." Wadadisi wakaandika. Ripoti ilipotoka ikaonekana kwamba watu sita katika kila kumi wako katika sekta ya kuhangaika. Waziri akaipeleka ng'ambo kwenye mkutano wa wafadhili, akaisoma kwa sauti ya kujiamini, mpaka mjumbe mmoja akanyoosha mkono kutaka kujua sekta hiyo inazalisha tani ngapi kwa mwaka na kama mazao yake yanauzwa nje. Waziri alirudi nyumbani kwa ndege ya kwanza, akapiga marufuku kuuliza.

"Raia akiulizwa, hudanganya," alisema redioni. "Kuanzia leo mdadisi haulizi. Mdadisi anaona. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama!"

Ndivyo ilivyozaliwa Wiki ya Kuona. Wadadisi walipewa vishikwambi vipya na kanuni moja tu: simama, tazama, andika unachokiona, funga mdomo. Kwa bahati, au tuseme kwa ratiba, Wiki ya Kuona iliingia kijiji cha Igombozya, Mkoa wa Tambarare, siku ile ile Minza alipozikwa.

* * *

Minza alikuwa mpima pamba. Katika mkoa ambao kila mizani ilikuwa na ugonjwa wake, mizani ya Minza ilikuwa nzima, na mkulima aliyepeleka pamba kwake alirudi nyumbani na haki yake. Kwa hiyo alipofariki ghafla, kwa presha, asubuhi akiwa anafunga kilemba, Tambarare nzima ilikuja. Kiwanda cha kuchambua pamba kilizima mashine. Mashamba yaliachiwa kunguru. Shule zilifungwa, soko likahama, hata polisi wa kituo walikuja na wakasahau kufunga mlango wa mahabusu, naye mahabusu akaja, akashika jembe. Kule Tambarare haulizwi mtu kwa nini hakwenda kazini siku ya msiba. Anayeulizwa ni yule aliyekwenda.

Mdadisi, msichana mwembamba aliyetoka makao makuu, alisimama kwenye kona ya uzio na kishikwambi chake. Akaona wanaume wanachimba, akaandika wachimbaji. Akaona wanawake na masufuria juu ya mafiga, akaandika wapishi. Akaona jeneza linabebwa kwa kupokezana, akaandika wabebaji, tena kwa zamu. Alipoona maelfu ya watu wanalia alikwama kidogo, kwa kuwa chuoni hawakufundishwa, halafu akaandika: watoa huduma za kilio.

Amirijeshi wa masufuria siku ile alikuwa Kabula, mke wa Shigela, jirani wa marehemu ukuta kwa ukuta. Alimwona yule mtoto wa watu amesimama juani, akampelekea sahani ya wali na maharage.

"Kula, mwanangu," alimwambia. "Umetoka mbali kuja kuzika."

Msichana alitaka kumweleza, lakini maelezo huzaa maswali, na maswali yalikuwa marufuku. Akala. Alipomaliza aliandika na hilo pia, kwenye sehemu ya chakula na ukarimu.

Na Lugembe, mume wa marehemu, aliyekuwa akifunga marobota pale kiwandani tangu ndevu zake zilipoota, alikaa kwenye kiti cha plastiki. Watu walimpa mkono, akaupokea. Walimwambia pole, akasema ameshapoa. Ulipofika wakati wa kutupa udongo kaburini, aliuona mkono wake unatupa udongo, kama mkono wa mtu mwingine aliyemfahamu kidogo. Hakulia. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, kuanzia nyayo mpaka utosini, na alichokitaka kilikuwa kitu kimoja tu: matanga yaanuliwe, watu waende makwao wakiwa wameshiba, yeye afunge mlango wake, alale upande wake wa kitanda na autazame ule mwingine.

* * *

Takwimu za nchi ile kwa kawaida zilitoka baada ya waliohesabiwa kufa. Safari hii, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa kitu, zilitoka upesi ajabu. Asubuhi ya kuanua matanga, mikeka ikiwa inakung'utwa, gari la serikali liliingia uani likapiga breki katikati ya mafiga. Akashuka Bwana Anastazi Mbelwa, Afisa Takwimu na Maendeleo wa Mkoa, mtu mnene mwenye suti ya mikono mirefu kupita mikono yake.

"Mzee Lugembe," alisema, "hongera sana."

"Asante," alijibu Lugembe, kwa kuwa ndivyo hongera inavyojibiwa.

"Umeajiri watu elfu nne."

"Mimi?"

"Wewe. Hapa hapa nyumbani kwako. Hakuna kampuni, hakuna kiwanda, hakuna mgodi uliofika hapo. Wewe ndiye Mwajiri Mkuu wa Mkoa wa Tambarare. Kwenye kiwanda cha pamba, nikwambie ukweli, hatukuona mtu hata mmoja."

"Walikuwa hapa."

"Ndivyo takwimu zinavyosema!" Mbelwa alimshika bega kwa furaha. "Tunakubaliana kabisa."

Shigela, mume wa Kabula, mtu wa maneno machache aliyekuwa mpakiaji wa pamba kiwandani, alijaribu kueleza. Alisema kwamba watu wale walikuja kuzika, kwamba leo matanga yanaanuliwa, na kwamba kesho kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Mbelwa alimsikiliza kwa huruma, kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa anayejitibu kwa majani.

"Kuanua?" alisema. "Ndugu zangu, mnajua mnachokisema? Huko ni kuwaachisha kazi watu elfu nne kwa asubuhi moja. Mwishoni mwa robo mwaka! Wafadhili wanakuja! Hakuna mkoa uliowahi kufanya kitu kama hicho na ukabaki mkoa."

Akaamuru mikeka irudishwe. Mikeka ikarudishwa. Lugembe akakaa tena kwenye kiti chake, kwa kuwa kilikuwa nyuma yake.

* * *

Basi maendeleo yakaanza, na nchi ile ilipoanza maendeleo haikuwa na breki.

Kiwanda cha pamba kilifungwa, maana hakikuwa na mtu. Mbegu na dawa za pamba zilihamishiwa Mkoa wa Ziwani, ambako hakuna aliyewahi kuotesha hata mche mmoja, lakini mdadisi alikuwa ameona nguo nyingi zimeanikwa. Chuo cha ufundi cha mkoa kilipakwa rangi nyeusi na kuitwa Taasisi ya Maombolezo. Cherehani zilitolewa, yakaingia majeneza ya kufundishia. Vijana waliokuwa wakijifunza umeme walifundishwa kilio cha kawaida muhula wa kwanza, kilio cha kugaagaa muhula wa pili, na kuzimia kwa usalama katika mwaka wa mwisho.

Uwanja wa Lugembe ndio ukawa makao makuu ya sekta. Turubai la siku mbili tatu likabadilishwa na turubai la chuma. Lango likawekwa, na mlinzi, na vitambulisho vya kuvaa shingoni. Kila siku jeneza lilizungushwa uani mara kadhaa, likiwa na mawe ndani ili wabebaji wasizoee wepesi. Chumba walichokuwa wakilala Lugembe na Minza kikafanywa ofisi ya Mbelwa, kitanda kikasukumwa ukutani kuwekea mafaili, na Lugembe akapewa godoro kwenye stoo ya jikoni, pamoja na barua ya kumshukuru.

Usidhani watu walikuwa wajinga. Walijua. Ila kiwanda kimefungwa, mbegu hakuna, mtoto anataka daftari, na kilio kinalipwa kila mwisho wa mwezi bila kuchelewa, jambo ambalo kiwanda hakikuwahi kuliweza. Shigela akawa Mbebaji Daraja la Pili. Kabula akawa Mpishi Mkuu. Mama Ngolo, mwanamke mwenye sauti ya tarumbeta aliyepika pembeni ya Kabula siku ya mazishi, akawa Mliaji Kiongozi, na jioni alirudi kwake akiwa hana sauti hata ya kumgombeza mumewe, ambaye ndiye mtu pekee aliyeyafurahia kweli mageuzi yale.

Lugembe hakuwa na cheo cha kazi. Yeye alikuwa mfiwa. Alitakiwa kukaa kwenye kiti kuanzia zamu ya kwanza mpaka ya mwisho, akipokea pole. Wageni kutoka mikoa mingine waliletwa kwa mabasi kujifunza, wakapita mmoja mmoja wakimpa mkono. Pole. Nimeshapoa. Pole. Nimeshapoa. Baadaye aliacha kusikia neno, akawa anajibu mkono tu.

Ni Kabula peke yake aliyemfuata mlango wa nyuma kila asubuhi na kikombe cha uji.

"Kunywa, shemeji."

"Nashukuru."

"Minza angeyaona haya angecheka mpaka kilemba kianguke."

"Angecheka," alisema Lugembe.

Kabula alimtazama usoni. "Umelia?"

"Bado."

"Itakuja. Usiifukuze wala usiiite." Akachukua kikombe, akarudi kwenye masufuria ya serikali.

* * *

Mwezi mmoja ulipita, na mwingine, Lugembe akaenda kwenye chumba chake mwenyewe, akabisha hodi, akaomba ruhusa ya kuanua matanga ya mkewe.

Mbelwa hakukasirika. "Serikali haimlazimishi mtu kuomboleza," alisema. "Utaratibu upo, na nimeuandika mimi mwenyewe. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa. Umeona? Huanza mfiwa! Sasa wewe hujaanza. Watu elfu nne wanalia hapa, kitaalamu, juu ya msingi ambao haujawekwa. Utawezaje kumaliza kitu ambacho hujakianza? Lia kwanza, upimwe, ufuzu. Siku utakayofuzu, anua."

Akaletwa Bi Skolastika, Mthibiti wa Viwango vya Kilio, mwanamke mkavu mwenye miwani, aliyesifika mkoa mzima kwamba hajawahi kumwongezea mtu alama. Alikaa mbele ya Lugembe, magoti yakikaribia kugusana, akamtajia mambo.

"Marehemu hatarudi."

"Ndiyo."

"Vyombo vyake viko pale pale alipoviacha."

"Vimehamishwa. Kuna ofisi."

"Wakati wa uhai wake mlipendana."

"Ndiyo," alisema Lugembe. Alitafuta ndani yake mahali neno lile lingegonga, akakuta pamejaa pamba.

Bi Skolastika alisubiri, akatazama macho yake kwa kurunzi, akaandika: Bado Hajafuzu. Alirudi tena baada ya siku kadhaa, na tena, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Vijana wa Taasisi, ambao hawakufiwa na mtu yeyote, walifuzu kwa makundi, wakapiga picha na majoho.

Siku moja Mama Ngolo alimletea Lugembe kitunguu kilichokatwa, amekificha kwenye kanga. "Pitisha chini ya jicho, baba. Dakika moja tu. Uanue, ulale."

Lugembe alikishika kitunguu, akamrudishia. "Minza hakuwahi kuweka kidole kwenye mizani," alisema. Mama Ngolo alikirudisha jikoni, Kabula akakitia kwenye maharage.

* * *

Huko makao makuu wataalamu walikaa na takwimu za robo mwaka, wakagundua tatizo. Nguvu kazi ya Tambarare ilikuwa kubwa, ujuzi wa kutosha, miundombinu mizuri, lakini malighafi ilikuwa haba. Watu elfu nne, taasisi nzima, na kwa mwezi wanakufa wangapi? Aibu. Mwekezaji gani atakuja?

Walichunguza kwa nini, na kwa kuwa walikuwa watu waliosoma, walipata sababu: katika Igombozya palikuwa na zahanati.

"Sisemi zahanati ni mbaya," Mbelwa aliwaeleza watu kwenye mkutano. "Nasema haiendani na sekta kiongozi. Huwezi kujenga bandari halafu ukafukuza meli. Kila mkoa na nguvu yake! Mkoa mwingine utapona kwa niaba yetu."

Watu walipiga makofi, kwa kuwa zamu ilikuwa haijaisha. Dawa zikafungwa kwenye maboksi, zikapakiwa. Nesi hakufukuzwa, serikali ile haikuwa na roho mbaya kiasi hicho. Alifundishwa upya, akawa Mpambaji wa Marehemu, akapewa sanamu la plastiki la kufanyia mazoezi.

Mwanzo wa msimu wa mvua Kabula alianza kutetemeka mbele ya masufuria. Alisema ni baridi. Siku iliyofuata aliegemea ukuta akikoroga, na Mama Ngolo akamshika paji la uso, akautoa mkono haraka. Shigela akampeleka zahanati kwa baiskeli. Walimkuta nesi amepiga magoti anampaka sanamu rangi ya midomo.

"Ni malaria, Kabula," nesi alisema mara alipomwona, hata kabla hajamgusa. "Malaria tu hii. Vidonge tu." Halafu akakaa chini. "Walichukua kila kitu. Nimebaki na poda."

Waliifuata hospitali ya Ziwani, lakini barabara ilikuwa imekatwa na mvua, wakarudi. Asubuhi Lugembe hakuletewa uji. Alisimama kwenye mlango wa nyuma akisubiri, na kengele ya zamu ilipolia akaenda kukaa kwenye kiti.

* * *

Siku ile alikuwa anakuja Waziri mwenyewe. Kwa hiyo amri ilitoka kwamba hakuna mwenye kitambulisho kutoka wala kuingia langoni mpaka Mheshimiwa aondoke, na kila mliaji alie kwa uwezo wake wote. Walilia. Bati la turubai lilitetemeka. Wageni wa Waziri walitoa leso, wengine kwa kuguswa, wengine kwa vumbi. Jeneza la mawe lilizungushwa kwa mwendo wa heshima, Mbelwa akisoma takwimu kwenye kipaza sauti: ukuaji wa sekta, tija kwa kila mliaji, matarajio ya kuuza kilio nje ya nchi.

Lugembe, kwenye kiti chake karibu na lango, alimsikia mtu akiongea na mlinzi kwa sauti ya chini.

"Nataka watu wanne tu. Wa kunisaidia kuchimba."

"Leo haiwezekani, Shigela. Kwanza mwenyewe umetoroka zamu. Umesajili huo msiba?"

"Umetokea alfajiri."

"Basi huo ni sekta isiyo rasmi. Njoo kesho uone ofisi."

Lugembe aliinuka. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa utaratibu ulikuwa umefikiria kila kitu isipokuwa mfiwa kuondoka. Alipita langoni, akamkuta Shigela amesimama na jembe moja, akalichukua jembe lile mkononi mwake, wakaenda. Nyuma yao Mbelwa alikiona kiti kitupu, akamkalisha mhitimu mmoja wa Taasisi aliyekuwa na umbo la ujane.

Walichimba wawili, wakipokezana, nyuma ya nyumba ya Shigela. Udongo ulikuwa umelowa, kila ukitolewa unarudi. Kutoka ng'ambo ya uzio kilio cha watu elfu nne kiliwafikia vizuri sana, kwa mawimbi, na hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyejua kwamba Kabula amekufa. Kilio kilikuwa kikubwa mno hata habari ya kifo isingeweza kupenya.

Majeneza yote yalikuwa kwenye maonyesho. Walimfunga Kabula kwenye mkeka. Mama yake Shigela, mkongwe asiyeona vizuri, alimfunika uso kwa kanga akamwambia maneno ya kumuaga. Wanaume wawili hawatoshi kumshusha mtu kaburini. Lugembe aliingia chini, Shigela akamshusha kutoka juu, uzito wote ukamwangukia Lugembe mikononi, akamkumbatia ili asidondoke. Akabaki amesimama mle ndani, amemshika mke wa rafiki yake, na hakukuwa na mtu wa kumpokea.

Hapo ndipo ilipokuja. Ilianzia tumboni. Alimlilia Kabula, na uji wake, na wakati bado anamlilia Kabula akamkuta Minza ndani ya kilio kile kile, na kilemba chake kilichofungwa nusu, na upande wake wa kitanda wenye mafaili. Alilia mdomo wazi kama mtoto. Iliuma sana, kuliko siku ile ya kwanza, na hakutaka iishe. Shigela alikaa ukingoni mwa kaburi, akamsubiri, naye analia.

Walipomaliza kufukia, Lugembe alimsaidia mkongwe kuingia ndani, akamkalisha Shigela mlangoni pa nyumba iliyokuwa tupu kabisa, hakuna mkeka uliotandikwa, hakuna moto uliowashwa. "Nakuja," alimwambia. Akarudi kwake.

* * *

Aliingia langoni akiwa na matope mpaka kifuani, uso umevimba, bado analia kwa sababu hakujua namna ya kuacha. Waziri alikuwa katikati ya hotuba. Bi Skolastika ndiye aliyemwona wa kwanza. Akatupa heshima zote pembeni.

"Analia!" alipiga kelele. Alimkimbilia, akavua miwani, akaivaa tena. "Machozi yapo. Kamasi zipo. Mabega yanakwenda yenyewe. Mheshimiwa, hiki si cha kufundishwa! Amefuzu!"

Waziri akapiga makofi, wageni wakapiga makofi. Mbelwa alikaribia kulia mwenyewe, akajizuia kwa kuwa hakuwa na cheti.

"Nimefuzu?" aliuliza Lugembe.

"Kwa daraja la juu kabisa," alisema Bi Skolastika.

"Basi naanua matanga."

Kipaza sauti kilipiga mluzi. Mbelwa alitabasamu, akafuta jasho, akatabasamu tena. "Mzee wetu ana furaha ya kufuzu. Utaratibu bila shaka una kipindi cha mashauriano..."

"Hauna," alisema Bi Skolastika, ambaye hakuwahi kumwongezea mtu alama wala kumpunguzia. "Siku anayofuzu, anaanua. Umeandika wewe."

Lugembe hakuwa anawasikiliza. Alikuwa amewageukia wanawake wa masufuria. "Kabula amefariki," alisema. "Nimetoka kumzika sasa hivi, mimi na Shigela."

Waliaji waliokuwa karibu walinyamaza, halafu waliofuata, na ukimya ukatembea mpaka mwisho wa uwanja. Mwanamke mmoja aliweka mkono mdomoni akausahau hapo.

"Nyinyi na nani?" aliuliza Mama Ngolo, aliyeshika mwiko wa Kabula tangu asubuhi.

"Wawili tu. Na mkongwe."

"Kabula? Mkamzika wawili?"

"Wawili. Shigela yuko mlangoni kwake peke yake."

Mama Ngolo alivua kitambulisho shingoni, akakitundika kwenye mpini wa mwiko, akauweka mwiko chini. Alifunga kanga yake upya kiunoni. Halafu akainama, akaanza kukunja mkeka aliokuwa amekalia, na wa jirani yake, na jirani yake akakunja wa tatu. Hakuna aliyelia. Wanaume waliliweka chini jeneza la mawe, wakainua masufuria yenye wali wa Waziri, wakayafunika. Kila aliyefika langoni alimpita mlinzi, mpaka mlinzi akafikiri kidogo, akaliacha lango wazi akafuata.

Mbelwa alikimbia huku na huku na kishikwambi chake, kila anapokielekeza hapana mtu. "Akina mama! Zamu haijaisha! Mheshimiwa bado yupo!" Na kwa hofu akasahau sheria kubwa kuliko zote za Wizara yake, akauliza. "Mnafanya nini? Mnakwenda wapi?"

"Msibani," alijibu Mama Ngolo.

Sufuria la mwisho lilikuwa zito. Lugembe akashika sikio moja, Mama Ngolo akashika la pili, wakatoka.